Dua ya Sekunde Kumi na Tisa

Mwezi ule serikali ilipofunga mitandao, mimi Saikou Diallo nilikuwa mtu mkubwa pale mtaani Cosa. Sijisifu, waulizeni wenyewe wa Conakry. Watu walinikuta bado nahangaika na kufuli la kibanda, wamesimama na simu mkononi, wote na kilio kimoja: WhatsApp inazunguka tu, Facebook haifunguki, tufungulie njia. Nikawafungulia. Nilikuwa na VPN tano, programu za kupenya palipozibwa, kwenye kadi moja ya kumbukumbu, nawarushia watu kutoka simu hadi simu kama anayegawa karanga kwenye harusi. Juu ya mlango niliandika kwa rangi nyekundu mistari yangu mwenyewe, na mistari sikufundishwa na mtu:

Iliyozima huwaka,
ya kufuli hufunguka.

Naby Soumah, Msusu kwa kabila, aliyeuza vocha na bando chini ya mwavuli hatua nne kutoka kwangu, aliisoma asubuhi ile ya kwanza, akatema ganda la karanga.

"Ongeza wa tatu," akasema. "'Ikikataa, laumu bando la Naby.' Maana ndivyo unavyowaambia wateja."

"Wewe uza vocha. Mashairi waachie wenye vichwa."

Alhamisi, jua likiwa limepanda, alikuja Neene Kesso. Neene ni mama kwa Kifulani chetu, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Aliuza maziwa ya mgando kwenye kona ya msikiti, na alikuwa wa ukoo wa Bah. Bah na Diallo ni watani tangu mababu, kwa hiyo hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima wenye akili timamu.

"Diallo, mtumwa wangu, umeamka au bado unaota umeoa?"

"Nimeamka, Neene. Nyinyi akina Bah jana mmeiba ndama wa nani? Nasikia maziwa yako yana ladha ya ng'ombe wa jirani."

"Na bado umekunywa vibuyu viwili, hujalipa hata ahsante." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akanipa simu yake, kioo kimepasuka pembeni, imefungwa kwa mpira. "Nina siku sita sijamsikia Madiou. Ninyooshee hii kitu."

Madiou ndiye mwanawe pekee wa kiume. Tulisoma Kurani kwenye ubao mmoja, tukachapwa kwa fimbo moja. Aliondoka mwezi mmoja baada ya Ramadhani, kwanza Bamako, kisha Nouadhibou huko pwani, akitafuta boti ya kwenda Uhispania. Wa mtaani kwetu waliokwenda hivyo sijui idadi yao.

Niliipachika VPN kwenye simu ya Neene, nikaiunganisha na waifai ya shule ya udereva iliyokuwa juu ya kibanda changu. Nywila walinipa baada ya kuwatengenezea printa. Ikatokea ile alama ya ufunguo juu ya kioo, na jumbe za siku sita zikaingia kwa mkupuo. Nikaibonyeza ya mwisho, na sauti ya Madiou ikatoka, ya chini, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Neene, ni mimi. Tumehamishiwa nyumba nyingine. Laini zetu amezichukua mwenye safari, huyu anayetuvusha, simu ninatumia kwa waifai ya humu ndani tu, usinipigie kwa kawaida hutanipata. Tunaondoka kesho Ijumaa, baada ya Magharibi. Wenzangu wote wameshapata dua za mama zao. Mimi sipandi bila sauti yako, Neene. Nisipoisikia, nashuka. Wallahi sipandi."

Neene Kesso aliisikiliza mara tatu.

"Mjibu sasa hivi," nikamwambia. "Shikilia hapa, sema, achia."

"Hapa?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Dua ya mama haisemwi kwenye kibanda cha simu, mbele ya Msusu anayetafuna karanga."

"Nimewakosea nini tena?" Naby akauliza kutoka mwavulini.

"Nitakwenda nyumbani. Nitatia udhu, nitakaa kwenye mswala, nitainua mikono. Simu itafanya kazi?"

"Neene," nikasema, "umeileta kwa Saikou."

Akaondoka. Nami sikuzima ile waifai. Sikufanya jambo dogo ambalo hata mwanafunzi wangu angelifanya, la kuijaribu simu kwa data ya laini yake kabla haijatoka mikononi mwangu. Nyumbani kwake hapakuwa na waifai. Nilijua. Foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa na haraka ya kusifiwa na aliyefuata.

*

Ijumaa waandamanaji walianza kuchoma matairi kwenye mzunguko wa barabara wa Bambeto kabla ya sala ya mchana. Pikapu za askari zikaziba barabara pande zote mbili. Shule ya udereva ilifunga mapema, wakazima kila kitu na kushuka ngazi mbio, waifai yao ikafa nao. Nilikuwa nateremsha bati la kibanda Neene Kesso alipotokea kwenye uchochoro, bila kibuyu, kitambaa cha kichwa kimelegea. Hakuniita mtumwa.

"Mama yake Ousmane amepigiwa simu," akasema.

Ousmane alikuwa kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Aliondoka Nouadhibou siku kumi na mbili kabla, kwa boti ya mwenye safari yule yule.

"Injini ilikufa siku ya tatu. Maji yamewarudisha. Boti imerudi, Saikou. Ousmane hakuwemo ndani yake." Alikaa kwenye benchi la wateja. "Na injini ile ile wameichukua, wameichokonoa, ndiyo wanayoipakia leo. Aliyepiga simu ni mvuvi wa huko, ameiona kwa macho yake. Na mimi jana nimempa mwanangu dua ya kupanda."

"Umemwambia asipande?"

"Nimesema mchana, nimesema sana. Sijui kama imefika. Angalia."

Nikafungua simu. Kulikuwa na sauti mbili, moja chini ya nyingine. Ya jana, sekunde kumi na tisa. Ya leo, dakika nne na sekunde kumi na mbili. Kando ya zote mbili kulikuwa na kialama kidogo cha saa, si tiki. Juu ya kioo hapakuwa na ufunguo. VPN ilikuwa imeandika kwamba inaunganisha, na imekuwa ikiunganisha tangu jana.

Uso uliniwaka kwa aibu.

"Neene, hakuna iliyotoka."

"Hata ya jana?"

"Hata ya jana. VPN inakataa kwenye data. Ilikubali hapa kwa sababu ya waifai."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Akahesabu jambo moyoni, kisha akasema polepole, "Basi hajasikia dua."

"Hajasikia."

Naby alikuwa ameshakunja mwavuli wake, ameingia kibandani kukwepa moshi. "Basi shukuruni Mungu, mzime hiyo simu!" akasema. "Si amesema asiposikia hapandi? Kaeni kimya. Magharibi itapita, boti itaondoka, kijana atabaki nchi kavu. Mnatafuta nini tena?"

Naby alikuwa na akili siku ile kuliko mimi na mashairi yangu yote. Lakini Neene alitikisa kichwa.

"Nikinyamaza ataondokaje pale? Atasema mama yangu amenipa mgongo. Leo hatapanda, kesho watamcheka, Jumapili atapanda kwa hasira bila kuniuliza. Nataka asikie kwamba ninamtaka nyumbani. Saikou, unaweza kuifungua au huwezi?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Aliniuliza kama naweza au siwezi, mbele ya Naby. Nimeikumbuka sentensi ile usiku na mchana, na nakiri kwamba nilichokisikia si mama mwenye mwana. Nilisikia mteja akisema kazi ya Saikou imemshinda.

"Naweza," nikasema. "Ila kwanza nifute ya jana."

Aliruka kutoka kwenye benchi akaninyang'anya simu.

"Ufute dua ya mama?"

"Ni sauti tu, Neene, haijatoka. Zikitoka, ya kwanza ndiyo itakayotangulia."

"Haijatoka kwenye simu! Kinywani mwangu imetoka, na mikono ilikuwa juu! Mungu ameshaisikia. Ukiifuta, ni mimi niliyemfutia. Unataka mwanangu atembee duniani bila dua ya mama? Hata mbwa hafanyiwi hivyo." Kwetu hakuna asiyelijua hilo. Mama anaweza kumkataza mtoto safari, kumchapa, kumfukuza nyumbani. Dua aliyokwisha kumwombea hairudishi. Mama aliyerudisha dua, watu hawali chakula chake. "Iache. Itangulie. Katazo lije nyuma yake, atasikia yote mawili, na neno la mwisho ndilo neno."

Nilikuwa Mfulani kabla sijawa fundi. Nikaiacha.

*

Ilikuwa saa nane na nusu. Magharibi ya Nouadhibou na yetu hazipishani sana. Nilikuwa na saa nne.

Nikazima simu, nikaiwasha. Nikaiweka kwenye hali ya ndege na kuitoa. Nikang'oa VPN na kuipachika upya, kisha ya pili, kisha ya tatu, zote zikazunguka tu. Nikagundua mbili za zamani zilikuwa zimejificha ndani, mtu aliwahi kumpachikia sokoni. Nikaziondoa, maana simu haibebi mbili kwa wakati mmoja. Nikaangalia kama kuna kizuizi cha kubana data, kilikuwepo, nikakizima. Nikaruhusu programu ifanye kazi hata kioo kikizima. Nikarekebisha saa ya simu iliyokuwa nyuma dakika ishirini. Kila hatua nilisema moyoni ni hii, na kila hatua ilikuwa si hii.

"Jaribu laini yangu," Naby akasema. "Kampuni nyingine."

Nikaitia. Ikazunguka vile vile.

"Basi hata serikali imekushinda," akasema, ila hakucheka, na mkono wake ulikuwa unamimina chai kwenye kikombe cha Neene.

Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa katikati ya milipuko ya mabomu ya machozi. Neene Kesso alisali pale pale, juu ya katoni la simu, mimi nikaendelea. Mungu anisamehe, sikusali. Moshi ulikuwa unaingia chini ya bati na macho yalituchoma wote watatu. Kwenda mjini kutafuta hoteli yenye waifai haikuwezekana: kijana aliyejaribu kuvuka barabara mbele yetu alirudishwa amebebwa.

Saa kumi na moja nikaanza kuwaza badala ya kubonyeza. Kwenye waifai inapita, kwenye data haipiti, kwa kampuni zote mbili. Basi tatizo si programu, ni mlango. VPN hii ilizoea kutokea mlango wake maalumu, na kampuni zimeamriwa kuuziba mlango huo. Waifai ya shule ya udereva waliisahau, au walimhurumia mwenye shule. Nikachimba kwenye mipangilio ya VPN mpaka nikakuta mahali pa kuchagua njia. Nikachagua ile inayojifanya mtu anafungua tovuti ya kawaida tu, mlango ambao hakuna anayethubutu kuuziba maana hata benki zinapita humo. Ikaunganisha sekunde mbili, ikakatika.

Sekunde mbili! Nikapiga kelele. Naby akashtuka, akamwaga chai.

Nikaenda kwenye APN, yaani pale simu inapoelekezwa jinsi ya kuingia kwa kampuni. Laini ilikuwa inaomba anwani ya aina mpya, na VPN ile ya bure ilijua aina ya zamani tu. Nikabadilisha, nikahifadhi, nikazima data, nikaiwasha.

Ufunguo ukatokea. Ukakaa.

"Imekubali!" Nilisimama, nikapiga kifua. Nilisema, na Naby ni shahidi, "Nani mwingine Conakry nzima? Nani?" Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini.

"Alhamdulillahi," Neene akasema. Akaweka kiganja mdomoni, akainama juu ya kioo pamoja nami.

Kialama cha saa kando ya sauti ya jana kikageuka tiki moja. Kisha mbili. Kisha zikawa buluu, na kile kipaza sauti kidogo nacho kikawa buluu. Huko Nouadhibou mtu alikuwa anaisikiliza. Sekunde kumi na tisa ni nyepesi, zilipenya.

Ya leo ilizunguka. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, na ile njia tuliyoichonga ilikuwa nyembamba kama uzi. Ilizunguka, ilizunguka.

"Mbona hii haiendi?" Neene akauliza.

Nikaandika kwa herufi kubwa: MADIOU USIPANDE. NEENE ANAKATAZA. INJINI MBOVU. NI MIMI SAIKOU. Tiki mbili, buluu. Nikashusha pumzi. Akaanza kuandika. Jibu likaja:

"Kaka Saikou nimemsikia Neene kwa sauti yake mwenyewe. Amenibariki. Humu ndani kila mtu anatumiwa meseji za kutishwa na ndugu zake, tumekubaliana hatuziamini. Nina dua ya mama, sina hofu. Wanatuita. Niombee."

"Amesema nini?" Neene akanishika mkono. "Saikou, nisomee. Amesema nini?"

Sikumsomea. Nikaisitisha ile ndefu, nikamsogezea simu mdomoni. "Sema fupi. Maneno mawili. Sema sasa."

"Madiou," akasema, na sauti haikutoka, akakohoa moshi, akaanza tena. "Madiou, usipande. Mwanangu, usipande, rudi kwangu."

Nikaachia kidole. Ufunguo ukapotea juu ya kioo. Njia ilikuwa imekatika. Nikaunganisha. Ikakatika. Nikampigia kwa ile ile WhatsApp, haikuita. Naby alikuwa amesimama nyuma yangu akisema, "Kaka, kaka, kaka," bila kitu kingine. Nje adhana ya Magharibi ikaanza, msikiti mmoja, kisha mwingine.

Saa moja na dakika nane ufunguo ulirudi. Sauti fupi ikatoka. Tiki moja.

Tukaingoja ya pili. Nilimweleza Neene maana yake: moja imeondoka kwetu, mbili imefika kwake. Yeye hajui kusoma, lakini hilo alilishika mara moja na hakuniuliza tena. Kufikia Isha ilikuwa moja. Askari waliondoka barabarani, Naby akamsindikiza nyumbani, ikawa moja.

*

Simu ya mvuvi yule ilikuja siku ya tisa, kwa laini ya kawaida. Watu hamsini na wanne walipanda. Boti ya doria iliokota kumi na mmoja wakiwa hai, ikaandika majina yao. Mvuvi aliyasoma majina yote kumi na moja, polepole, na mama yake Ousmane aliyekuwa ameshika simu aliyarudia kwa sauti ili Neene Kesso asikie. Kisha mvuvi akasema ndio hao tu.

Mitandao ilikuwa bado imefungwa. Neene alikuja kibandani kesho yake, akakaa kwenye benchi, akafungua fundo la kanga yake na kutoa simu. Naby aliinuka mwavulini akaenda mbali kidogo.

"Ile ya mwisho," akasema. "Ile niliyosema usipande. Bado ina tiki moja?"

"Moja, Neene."

"Ifute."

Nilimtazama.

"Dua ndiyo iliyomfikia," akasema. "Amekufa na dua ya mama yake masikioni. Hiyo nyingine isimfuate. Sitaki aikute mahali, huko aliko, ajue nilimkataza na yeye alikwenda. Atadhani hana radhi yangu. Ifute, Saikou, ifutike kila mahali."

Nikaibonyeza ile sauti ya sekunde tano na kuishikilia. Simu ikanipa chaguo moja tu: kufuta upande wetu. Muda wa kufuta upande wa pili ulikuwa umeshapita siku nyingi. Huko ilikoishia, ingeendelea kumngojea awashe simu yake.

Nikafuta upande wetu. Ikatoweka kwenye kioo, ikabaki ile ya sekunde kumi na tisa, buluu, na maneno yangu makubwa chini yake.

"Imefutika?"

"Imefutika."

"Hata kule?"

Naby alikuwa anatutazama kutoka mbali. Nikampa simu yake, nikaizungushia mpira wake vizuri ili kioo kisianguke.

"Hata kule, Neene."

Akaifunga kwenye pindo la kanga, akainuka kwa kushikilia meza yangu, akaenda kwenye kona ya msikiti alikokuwa ameacha vibuyu vya maziwa na mtoto wa jirani. Wateja wawili walikuwa wameshaanza kumngoja.